Neno "macho" la Kihispania: dhana potofu na ukweli

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na neno "macho" katika habari inayotoka Meksiko au Hispania hupata kikwazo ambacho wasomaji wa lugha nyingine hawakipati, kwa kuwa tangu utotoni neno hilo kwake lina maana nyingine kabisa. Katika Kihispania "macho" ni kiumbe wa kiume, na kwa maana ya mbali zaidi ni mwanamume anayetaka uanaume wake uonekane na uogopwe. Kutokana na neno hilo lilizaliwa "machismo", yaani fikra na mwenendo wa kumweka mwanamume juu ya mwanamke. Leo maneno haya mawili, au moja kati yake, yamo katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kituruki, Kihungaria, Kijapani na Kitagalogi, na karibu kila yalikofika yameandamana na maelezo yanayorudiwa bila kuchunguzwa. Baadhi ya maelezo hayo ni makosa madogo ya asili ya maneno, yasiyomdhuru mtu. Mengine ni mazito, kwa sababu yanaligeuza neno moja kuwa hukumu juu ya mataifa mazima, na hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Dhana: "macho" la Kihispania lina undugu na macho ya Kiswahili

Kufanana kwa sauti kunashawishi, hasa mtu akikumbuka kwamba Wareno walikuwa na mkono wao katika pwani yetu tangu Vasco da Gama alipopita Mombasa na Malindi mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ilipowaponyoka mwaka 1698. Kireno nacho kina neno "macho" lenye maana ileile ya Kihispania, na ni Wareno hao hao waliotuachia "meza", "bendera", "leso" na "gereza". Hata hivyo neno letu halikutoka kwao. "Jicho" na wingi wake "macho" ni maneno ya Kibantu yenye ndugu wanaojulikana: Wakikuyu husema "riitho" na "maitho", Waganda "eriiso" na "amaaso", Wanyarwanda "ijisho" na "amaso", Wazulu "iliso" na "amehlo". Katika neno letu "ma-" ni kiambishi cha wingi, ilhali katika neno la Kihispania silabi hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe.

Neno la Kihispania lina ukoo wake unaofuatika vizuri. Linatokana na Kilatini "masculus", ambalo ni umbo la kudogosha la "mas", yaani kiumbe wa kiume. Irabu dhaifu ya katikati ilidondoka katika matamshi ya watu wa kawaida, konsonanti zikagusana, na katika Kikastilia, yaani Kihispania chenyewe, mgusano huo ukazaa sauti ya "ch". Neno lilelile la Kilatini lilikuwa "maschio" kwa Waitaliano, "mascle" kwa Wakatalani na "mâle" kwa Wafaransa, na ni kupitia Kifaransa cha kale ndipo Waingereza walipopata "male". Kwa hiyo Mwingereza anaposema "male" na "macho" katika sentensi moja anatumia neno moja la Kirumi mara mbili, ingawa hakuna kinachomkumbusha jambo hilo. Waswahili tuna bahati ndogo hapa: sauti ya "ch" ni ileile na mkazo uko mahali palepale, kwa hiyo tunalitamka sawasawa tangu mara ya kwanza, wakati wazungumzaji wa Kiingereza baadhi yao hutamka "makizmo" kana kwamba neno ni la Kiitaliano.

Dhana: tangu mwanzo lilikuwa neno la kumsifu mwanamume jasiri

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake "macho" limekuwa neno la mfugaji, mkulima na fundi. Mhispania husema "perro macho" kwa utulivu uleule ambao sisi husema mbwa dume, na hakuna sifa wala lawama ndani yake. Tena, kwa kuwa majina mengi ya wanyama katika lugha hiyo yana jinsia moja tu ya kisarufi, twiga dume huitwa "la jirafa macho", kibainishi cha kike kikitangulia na neno la kiume likifuata, bila mzungumzaji yeyote kuona ajabu. Fundi wa umeme huita plagi yenye ncha "macho", na soketi inayoipokea huiita "hembra", yaani jike. Suruali ya mpigana na mafahali hukazwa magotini kwa kamba zenye vishada viitwavyo "machos", na kutokana navyo kuna msemo wa "kufunga machos", maana yake kujiandaa kikamilifu kwa jambo gumu.

Mfano ulio karibu zaidi na mashamba yetu ni mpapai. Asili ya mti huu ni kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, na Wahispania ndio walioupeleka ng'ambo ya bahari katika karne ya 16. Mkulima wa huko, akiona mpapai wenye maua madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu bila kuzaa tunda, huuita "papayo macho", na mkulima wa Tanga au Kilifi akiuona mti huohuo huuita mpapai dume. Wote wawili huukata, au huacha mmoja tu shambani kwa ajili ya chavua. Katika masoko ya Meksiko, "plátano macho" ni ndizi kubwa ngumu ya kupika, ya aina ambayo Tanzania tunaifahamu kwa majina kama mzuzu na mkono wa tembo, na mama anayeikaanga jikoni hafikirii uanaume wa mtu yeyote anapoitaja.

Maana nyingine za neno hili zinatofautiana kwa nchi kiasi cha kumchanganya hata Mhispania anayesafiri. Kosta Rika "macho" ni mtu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na mwanamke wa aina hiyo ni "macha", kwa hiyo mgeni wa kike kutoka Ujerumani anaweza kuitwa hivyo sokoni bila kutukanwa. Mashariki mwa Kuba "macho" ni nguruwe. Madrid, vijana huitana kwa neno hilo kama vijana wa Dar es Salaam wanavyoitana "mwanangu". Kamusi za Kihispania zimeorodhesha pia maana ya mwanamume mjinga, jambo linaloonyesha kwamba mtu kufananishwa na mnyama dume hakukuwa heshima siku zote. Ni kweli kwamba kumwita mtu "muy macho", yaani dume hasa, kulikuwa sifa mahali pengi na bado ni sifa kwa baadhi ya watu. Lakini sifa hiyo ni tawi moja la mti wenye matawi mengi, na kosa la wageni lilikuwa kuchukua tawi hilo na kudhani ndilo shina.

Dhana: Machu Picchu, machete na "muchacho" ni jamaa zake

Hapa sitakaa sana. "Machu" ni neno la Kikechua lenye maana ya mzee au -a kale, na Machu Picchu, jina la magofu ya Wainka nchini Peru, ni Kilele cha Kale. "Machi", mganga wa jadi wa Wamapuche wa Chile na Ajentina, ni neno la lugha yao wenyewe, na wengi wa waganga hao leo ni wanawake. "Muchacho", kijana, lina asili tofauti. "Machete", yaani panga, linahusishwa na "macho" nyingine kabisa yenye maana ya nyundo kubwa, iliyotokana na Kilatini "marculus". Ipo hata "macho" ya tatu, nyumbu dume, ambayo ilitoka Kireno na kwenye neno la nyumbu. Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko ya kale, nayo ilikuwa na umbo "macho", lenye maana ya "inajulikana", kutokana na kitenzi cha kujua. Kulitumia umbo hilo kudai kwamba neno la Kihispania ni la Waazteki hakuwezekani, kwa sababu mabadiliko ya sauti yaliyozaa "macho" yalitokea Hispania kabla Columbus hajavuka bahari.

Dhana: "machismo" ni tabia ya kale ya Wameksiko, iliyo katika damu yao

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, na ndiyo iliyoenea zaidi. Inasimuliwa hivi: Wahispania walikuja na farasi na panga zao, wakawateka wenyeji na wanawake wao, na kutokana na jeraha hilo akazaliwa mwanamume wa Kimeksiko mwenye majivuno, mlevi, mwepesi wa bastola, anayeificha aibu yake kwa kumkanyaga mkewe. Simulizi hii haikutungwa na wageni peke yao. Mwaka 1934 mwanafalsafa Samuel Ramos, Mmeksiko mwenyewe, alieleza kwamba majigambo ya mwanamume wa tabaka la chini mjini yanafunika hisia ya unyonge, na mwaka 1950 mshairi Octavio Paz alimfananisha "macho" na mtekaji wa Kihispania. Yalikuwa maandishi yenye nguvu, na kwa sababu ya nguvu hiyo yalisomwa nje ya Meksiko kana kwamba ni ripoti ya uchunguzi.

Aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuuliza alikuwa Américo Paredes, mtafiti wa fasihi simulizi aliyezaliwa Brownsville, Texas, mwaka 1915, kwenye ukingo wa mto unaotenganisha Marekani na Meksiko. Katika makala aliyoitoa mwaka 1967 alirudi kwenye nyimbo, hasa "corrido", yaani tenzi za kienyeji zinazosimulia vita, mauaji na mapenzi, akazitazama kwa jicho la mtu aliyezijua kwa moyo. Ikiwa "machismo" ilikuwa roho ya taifa tangu siku za utekaji, ingepaswa kusikika humo. Alichokikuta ni kwamba kabla ya miaka ya 1940 nyimbo hizo zilikuwa na mashujaa wengi, lakini mashujaa hao waliitwa "hombre", mwanamume, au "valiente", jasiri. "Macho" na "machismo" karibu hayakuwamo.

Kisha yakaanza kusikika, na Paredes akaonyesha mahali pa kushangaza yalipopata nguvu. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1946 rais wa Meksiko alikuwa Manuel Ávila Camacho, na miaka hiyo ilikuwa ya Vita Kuu ya Pili, ambayo Meksiko iliingia mwaka 1942. Watunzi wa nyimbo walihitaji kina cha kulingana na jina la rais, na kina kilichokuwa tayari kilikuwa "macho". Sidai, wala Paredes hakudai, kwamba itikadi nzima ilizaliwa na kina cha wimbo. Lakini yeyote aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili anajua jinsi kina kinavyoweza kulivuta neno kutoka pembezoni na kuliweka mdomoni mwa kila mtu. Paredes aliongeza jambo ambalo Wamarekani wengi hawakulipenda: kwamba mtu wa bastola, majigambo na dharau kwa wanawake alikuwapo pia katika hadithi za mpaka wa magharibi wa Marekani, na kwamba Wamarekani walikuwa wakimwona kwa Wameksiko tu kwa kuwa kwao walimwita kwa jina jingine.

Sinema nayo ilifanya kazi yake. Katika miaka ya 1930, 1940 na 1950 studio za Meksiko zilitoa filamu zilizotazamwa katika ulimwengu wote wa Kihispania, na waigizaji na waimbaji kama Jorge Negrete na Pedro Infante walisimama mbele ya kamera wakiwa wamevaa kofia pana na suruali za kubana zenye vifungo vya fedha, farasi kando, bastola kiunoni, wakiimba mapenzi na kutishana. Huyo alikuwa "charro", mpanda farasi wa shamba, aliyesanifiwa upya kwa ajili ya watu wa mjini waliokuwa wamekwisha kuliacha shamba. Picha ambayo watu wengi duniani wanayo vichwani wanaposikia neno "macho" ina deni kubwa kwa filamu hizo, na deni dogo sana kwa wanaume halisi wa vijiji vya Jalisco.

Kuhusu wanaume halisi tuna ushuhuda mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Matthew Gutmann aliishi na familia yake katika mtaa wa Santo Domingo, Jiji la Meksiko, mtaa uliojengwa na watu maskini waliolivamia eneo la miamba ya volkano mwaka 1971 na kulifanya makazi kwa mikono yao. Aliona wanaume wakibeba watoto wachanga, wakipika na wakibishana na wake zao juu ya nani afanye nini. Muhimu zaidi kwa mada yetu, aliona kwamba neno lenyewe halikuwa na maana moja hata katika mtaa mmoja. Kwa wazee wengi, "macho" alikuwa mwanamume anayelisha nyumba yake na kutimiza ahadi, na walijitaja hivyo kwa fahari. Kwa vijana wao, "macho" alikuwa mtu anayempiga mkewe, na walikataa kuitwa hivyo, ingawa walikataa pia kuitwa "mandilón", mwanamume wa kufungwa aproni, anayetawaliwa na mkewe. Walijiweka katikati, mahali ambapo hapakuwa na jina. Mtu aliyekaa Nairobi au Morogoro akiwasikiliza wanaume wa umri tofauti wakizungumzia ndoa atautambua mvutano huo bila kufafanuliwa.

Hayo yote hayapunguzi ukali wa ukatili dhidi ya wanawake nchini Meksiko. Ukatili huo ni mkubwa, na mwaka 2007 nchi hiyo ilipitisha sheria kuu ya kuwahakikishia wanawake maisha yasiyo na ukatili kwa sababu hali ilikuwa imefika pabaya. Ninachokataa ni maelezo ya damu. Jambo linaloelezwa kuwa ni damu haliulizwi tena kuhusu polisi, mahakama, mishahara na sheria za mirathi, na wanaofaidika na ukimya huo ni wale wale wanaotenda ukatili.

Dhana: neno lilibaki na maana yake kila lilikokwenda

Kiingereza cha Marekani kililiokota "macho" katika miaka ya 1920 na "machismo" katika miaka ya 1940, kupitia majirani na wahamiaji wa Meksiko. Kilichochukuliwa kilikuwa kipande kimoja tu cha maana. Huwezi kusema kwa Kiingereza kwamba mbwa wako ni "macho" ukimaanisha ni dume; atakayekusikia atadhani mbwa huyo ni mwenye majivuno. Kwa miongo kadhaa neno lilitumika kwa Walatino peke yao, kisha katika miaka ya 1970 harakati za wanawake zikaligeuza likawa la kumkosoa mwanamume yeyote, na hapohapo biashara ya burudani ikalifanya pambo: mwaka 1978 kundi la muziki wa disko la New York liliimba sifa za "macho" dunia nzima ikicheza, na baadaye mcheza mieleka Randy Savage akalifanya sehemu ya jina lake la jukwaani. Ni kutoka Kiingereza, zaidi ya kutoka Kihispania chenyewe, ndipo lugha nyingi zilipolipokea, na ndiyo maana nyingi zimelipokea likiwa tayari limekatwa.

Kila lugha ilikata kwa namna yake. Wafaransa, walioanza kulitumia kwa wingi katika miaka ya 1970, walilipata likiwa na tamati "-o" ambayo katika lugha yao ya mitaani huashiria dharau, kwa hiyo kwao lilielekea upande wa lawama mapema. Wajerumani walilifanya nomino: "der Macho" ni mtu wa aina fulani, na mwenendo wake una jina refu la Kijerumani lililounganishwa nalo. Waturuki huandika "maço", wakimaanisha mwanamume mbabe, na Wahungaria "macsó". Kwa Warusi mambo yaligeuka. "Macho" wa Kirusi ni mwanamume mtanashati, anayejiamini na kuwavutia wanawake, na magazeti ya udaku humtaja kwa kusifu kuliko kulaumu.

Mageuzi makubwa kuliko yote yako Japani. Huko "matcho" ni misuli. Mtu anayebeba vyuma kila siku ni "matcho" hata akiwa mpole kama njiwa na mwenye kumsikiliza mkewe kwa kila jambo, na lugha imezaa vijina vya kutofautisha maumbo: "hosomatcho" ni mwembamba aliyejengeka misuli chini ya shati, na "gorimatcho" ni mpana kama sokwe. Suala la nani atawale nyumbani halimo kabisa katika maneno hayo. Mjapani na Mhispania wakitumia neno hili katika mazungumzo wanaweza kuelewana vibaya kwa muda mrefu bila yeyote kati yao kugundua.

Ufilipino inahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa huko Kihispania kilifika moja kwa moja, pamoja na utawala ulioanza mwaka 1565 na kumalizika mwaka 1898. Kitagalogi kina "matso" na hata "marimatso", msichana mwenye mwenendo wa kiume, kutokana na neno la Kihispania linalounganisha jina la Maria na "macho". Lakini "macho" wa Manila leo, mwenye kifua kipana na mwonekano wa mwigizaji, anafanana zaidi na yule wa Marekani, nchi iliyoitawala Ufilipino baada ya Hispania. Wafilipino wenyewe wamelichezea neno: wanaume wanaowatii wake zao huitwa "machunurin", mchanganyiko wa "macho" na "masunurin", yaani mtiifu.

Dhana: ni tusi ambalo wageni huwatupia wanaume wa Kilatino, na haliwahusu wanawake

Baada ya kusoma habari za Paredes mtu anaweza kuruka hadi upande wa pili na kusema kwamba "machismo" ni uzushi wa watu wa nje. Huko nako ni kupotea. Ndani ya Kihispania chenyewe neno hili leo ni chombo cha wanawake wanaoishi katika lugha hiyo, nao wamelinoa wenyewe. Tarehe 3 Juni 2015 umati mkubwa ulijaa mitaani Ajentina chini ya kaulimbiu "Ni Una Menos", yaani asipungue hata mmoja, kupinga mauaji ya wanawake, na "machismo" lilikuwa neno la mabango na hotuba zao. Hispania, ambayo mwaka 2004 ilipitisha sheria maalumu dhidi ya ukatili wa kijinsia, vyombo vya habari husema "violencia machista" kila siku. Katalonia ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2008 ililiweka neno hilo kwenye jina lake rasmi kwa umbo la Kikatalani, "violència masclista". Mtaalamu wa saikolojia Luis Bonino naye alibuni neno la "micromachismos" kwa vitendo vidogo vya kila siku ambavyo havimpeleki mtu mahakamani lakini vinamchosha mwanamke: mume anayejifanya hajui kuendesha mashine ya kufulia, au anayemkatiza mkewe kila anapoanza kusema mbele ya wageni.

Ni muhimu pia kutenganisha "macho" na "machista". La kwanza ni jinsi ya kiumbe. La pili ni mfuasi wa itikadi, na tamati yake "-ista" haibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke. Mama anayemwamuru binti aoshe vyombo vya kaka yake aliyeketi tu ni "machista", na Wahispania humwita hivyo bila kusita. Mwaka 1973 mtafiti Evelyn Stevens alipendekeza neno "marianismo", kutokana na jina la Bikira Maria, kuelezea sura ya pili ya jambo hilo: mwanamke anayesifiwa kwa kuvumilia na kujitoa. Neno hilo lilipingwa na watafiti waliofuata kwa kuwafunga wanawake wote katika picha moja, na nadhani walikuwa na haki, kwa kuwa kosa lilikuwa lilelile lililokwisha kufanywa kwa wanaume wa Meksiko.

Dhana: Kiswahili hakina jina la jambo hili, kwa hiyo tuliazime

Kiswahili kimeipita njia ileile kwa miguu yake. "Dume" ni neno la zizini na shambani, kama tulivyoona kwa mpapai, na mzizi wake "-ume" umetupa mume, mwanamume na hata mkono wa kuume. Kutoka kwa wanyama likahamia kwa watu kama sifa, mtu akaambiwa "wewe dume", na hatimaye wanaharakati wa Tanzania wakalichukua kuunda "mfumo dume", neno ambalo vyama kama TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, na TGNP, mtandao wa jinsia ulioanzishwa mwaka 1993, vimelifanya la kawaida redioni na magazetini. Safari hiyo, kutoka mnyama hadi sifa hadi lawama, ni ile ile ya "macho", na hakuna upande ulioiga mwingine. Kenya, mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuandika "taasubi ya kiume", na kila mahali tuna "ubabe".

Hata kuazima neno la uanaume si jambo geni kwetu. "Rijali", mwanamume mwenye nguvu za kiume, limetoka Kiarabu, ambako "rijāl" ni wingi, yaani wanaume. Kiswahili kililifanya umoja na kulibana maana hadi likaelekea kitandani, na likazaa "urijali". Tumelifanyia neno la Kiarabu kile ambacho Wajapani wamelifanyia la Kihispania.

Maneno yetu hayalingani kwa kila hali, na mwandishi anapaswa kuchagua kwa uangalifu. Mfumo dume ni mpangilio wa jamii: nani anarithi shamba, nani anakaa barazani wakati wa kuamua mahari. Taasubi ya kiume ni imani iliyo kichwani mwa mtu. Ubabe ni mwenendo, na unaweza kutendwa na mwanamume dhidi ya wanaume wenzake. "Machismo" hugusa yote matatu, kwa hiyo muktadha ndio utakaoamua. Habari ikitoka Barcelona kwamba mwanamke ameuawa na mumewe na mamlaka zikaliita tukio hilo "violencia machista", kuandika "ukatili wa kijinsia" ni sahihi lakini kunaacha wazi nani amemtendea nani, na "ukatili wa kiume" kunalifanya tatizo kuwa la maumbile. "Ukatili utokanao na mfumo dume" ni kirefu zaidi, ila kinasema kile ambacho sheria ya Katalonia imekusudia kusema. Pale ambapo neno lenyewe la Kihispania ndilo linalojadiliwa, liandikwe ndani ya alama za kunukuu na lipewe upatanisho wa neno, "macho" hili na si haya, ili msomaji asilisome kama wingi wa jicho.